Kitabu cha marafiki (Ujerumani)

Kitabu cha marafiki ni daftari dogo ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani, Wittenberg kwanza, walitembea nalo tangu miaka ya 1540 wakikusanya saini za walimu na wenzao. Aliyesoma bweni, Singida Mjini au kwingineko nchini, na akajaziwa otografu alipomaliza kidato cha nne, ataielewa desturi hii mara moja. Ila Mjerumani wa wakati ule, juu ya maneno yake ya Kilatini, alimlipa mchoraji aweke ngao ya ukoo.

Ngao hizo hazikuwa za makabaila pekee. Katika Dola Takatifu la Kiroma hata fundi au mkulima aliweza kuwa nayo. Ya mchoraji Albrecht Dürer, iliyochapwa 1523, ina mlango ulio wazi, fumbo la jina la ukoo wake. Cheo kilisomwa kwenye kofia ya chuma iliyochorwa juu ya ngao: ya raia wa kawaida ilifungwa, ya kabaila ilikuwa na nondo usoni. Kanuni hiyo, kama ilivyotarajiwa, ilivunjwa mara nyingi.

Kitabu cha marafiki cha Philipp Hainhofer, mfanyabiashara wa Augsburg, kilinunuliwa mwaka 2020 na maktaba ya Herzog August, Wolfenbüttel, kwa takribani euro milioni 2.8.