Kibali Kisichohama

Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ni mji uliozoea vizuizi. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliruhusu wilaya za pembezoni kufungwa, na kaskazini nzima, wakati huo ikiitwa NFD (Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini), ikawa haiingiliki wala haitokeki bila pasi. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikaleta hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi 1991.

Kusini, minyororo ilikuwa ya aina nyingine. Sheria ya kipande cha utambulisho ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitembea na alama za vidole vyake pamoja na rekodi ya ajira, zimetiwa katika kikasha cha bati kinachoning'inia shingoni. Kilichouma zaidi ni sahihi. Hakuweza kuingia kazi mpya mpaka mwajiri wa zamani aandike kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo alihesabiwa mtoro.

Mchora ramani wa Isiolo anayehamia kompyuta mpya leo hukutana na sahihi hiyohiyo, ila anayeidai sasa ni programu.

Miaka ya 1980 watengenezaji waliona diski zao zikinakiliwa ovyo, wakabuni kidude cha kuchomekwa nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la printa. Programu hukiuliza kidude. Kisipojibu, haifanyi kazi. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani iliyotoka 1982, baadaye iliwekewa kufuli hilo. Wamarekani walilalamika, wakaondolewa kufuli. Wateja wa nchi za nje wakaachiwa mzigo. (Sisi wa huku hatushangai.) Hata hivyo kidude kilikuwa na utu wake: ulikichomoa, ukakichomeka kwenye mashine nyingine, kazi ikaendelea. Balaa lilianza kompyuta zilipoanza kuundwa bila tundu lile pana.

Baadaye kufuli likaingia ndani. Windows XP ya Oktoba 2001 ilisoma vipuri vya kompyuta, kama diski kuu, kadi ya mtandao na kumbukumbu, ikavitungia namba. Ulipobadilisha vipuri vingi, ilikutaka uiamilishe upya kwa intaneti au kwa kupiga simu. Programu nyingine hujifunga kwa namba ya kadi ya mtandao peke yake. Ili uihamishe leseni, sharti uizime kwanza kwenye mashine ya zamani. Na kama mashine hiyo imeungua umeme uliporudi kwa kishindo, nani atakuachilia? Unabaki kumwomba mtengenezaji.

Mwaka 2012 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba aliyenunua leseni ya kudumu anaweza kuiuza. Soko nalo likageukia kukodisha: kufikia 2016 Autodesk, wenye AutoCAD, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama bado una leseni za kudumu, kabla hujaiuza laptopu yako ya zamani, zizime ingali inawaka, na uandike namba za leseni hizo kwenye karatasi.