Nipe Mji: Mchezo wa Vitendawili Kutoka Pwani Hadi Kigali

Ukifungua kitabu chochote cha fasihi simulizi kinachotumika katika shule zetu, utakuta kitendawili kimewekwa chini ya semi, pamoja na methali, mafumbo, misimu na lakabu. Mpangilio huo unatokana kwa kiasi kikubwa na makala ya M. M. Mulokozi, "Tanzu za Fasihi Simulizi", iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989. Ni mpangilio mzuri na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kile kinachofuata darasani. Mwanafunzi hukariri fasili ya kitendawili, sifa zake, dhima zake, kisha mifano kumi yenye majibu yake, akaenda kwenye mtihani akaandika yote hayo bila kuwahi kumtegea mtu hata kitendawili kimoja. Mwaka fulani nilikaa nyuma ya darasa nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akieleza kitendawili kwa dakika arobaini. Neno "tega" halikutamkwa.

Ilhali kitendawili ni mchezo, tena mchezo wa kasi. Walimu wenzangu waliokulia hapa Rwanda wanaujua kwa jina la ibisakuzo, na waliokulia Tanzania, Kenya au Kongo waliucheza kwa Kiswahili. Yafaa tukumbushane unavyochezwa, maana kanuni zake zenyewe zina historia ndani yake.

Kwa desturi ya pwani, watu hukaa jioni, wakagawanyika pande mbili au wakacheza mmoja dhidi ya kundi. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Hapo hutega, kwa mfano, "Nyumba yangu haina mlango." Majibu hurushwa papo hapo. Anayesita hurukiwa na mwenzake, na kila jibu lisilo sahihi hukatwa na mtegaji kwa neno moja tu. Hakuna kuinua mkono wala kungoja zamu. Anayekijua hujibu "Yai!" na utegaji huhamia kwake au upande wake. Wakishindwa wote, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Hapo ndipo mchezo hunoga. Wanampa, tuseme, Tanga. Anaweza kuukataa: mdogo, au ameshapewa jana, au hana haja nao. Watampandishia hadi Mombasa au Unguja. Akishakubali, haharakishi kutoa jibu. Husimulia kwanza safari yake: nilikwenda Mombasa, nikapokelewa vizuri, nikala wali kwa samaki, na wenyeji wakanililia hali ya watu fulani wasiojua hata yai. Walioshindwa hukaa kimya wakisikiliza wanavyosimangwa, na ndipo jibu hutolewa.

Sasa tuutazame mchezo wetu. Mtegaji wa Kinyarwanda husema, "Sakwe sakwe!" na wenzake huitika, "Soma!" (Wanafunzi hucheka kila mara wanapoliona neno hilo ubaoni, wakidhani wanaamriwa kufungua vitabu. Mwenye kukijua Kinyarwanda anajua kwamba gusoma ni pia kuonja kinywaji.) Jirani zetu Warundi huanza kwa "Sokwe!" wakaitikiwa "Niruze!" na Waganda huanza kwa "Koyi koyi!" wakaitikiwa "Lya!" Kasi ni ile ile, na ile furaha ya kumkata mtu maneno ni ile ile. Lakini anayeshindwa katika ibisakuzo hukisalimisha tu kile alichotegewa, na mtegaji akatoa jibu. Hakuna mji unaotolewa.

Kwa nini pwani wadai mji? Sitaki kujenga nyumba kubwa juu ya nguzo moja, kwa sababu desturi ya kumlipa mtegaji kwa namna fulani inapatikana pia kwa watu wa bara. Hata hivyo, naona si bure kwamba mchezo wa Waswahili unalipwa kwa miji. Lamu, Mombasa, Kilwa na Unguja ilikuwa miji ya mawe na bandari yenye majina yaliyosikika ng'ambo ya bahari, na mtu alijitambulisha kwa mji wake. Kumpa mtu mji lilikuwa jambo lenye uzito hata kwa mzaha. Hapa kwetu mtu alijitambulisha kwa ukoo na kwa kilima chake. Hata makao ya mfalme yalikuwa yakihamahama, mpaka yalipotulia Nyanza mwishoni mwa karne ya 19. Mtegaji wa zamani wa Kinyarwanda angepewa mji gani?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1907, Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, alipoweka makao yake Kigali. Waliokuja pamoja na utawala huo na nyuma yake walikuwa askari, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili. Kwa hiyo mji huu, tangu siku zake za kwanza, ulikuwa na watu waliojua kudai mji kwenye kitendawili. Wakati wa Wabelgiji Waislamu na watu wa Kiswahili walitengewa makazi yao, na jina la Camp Swahili bado linakumbukwa upande wa Biryogo na Nyamirambo. Huko Kiswahili kilibaki lugha ya nyumbani na ya watoto kucheza, wakati mahali pengine nchini kilihesabiwa kuwa lugha ya soko, ya kambi ya jeshi, au ya watu wasioaminika. Wengi wetu tunaofundisha tumeyasikia maneno hayo kwa masikio yetu.

Naona hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Sheria inaweza kuiweka lugha kwenye nyaraka za serikali na kwenye ratiba ya shule, lakini haiwezi kuifanya lugha ichekeshe. Mwanafunzi anayejua Kiswahili cha mtihani tu hataweza kumsimanga mwenzake kwacho wala kujitetea anaposimangwa, na lugha usiyoweza kujitetea kwayo huiachi mbali ukipata nafasi? Mimi nimeona wengi wakiiacha mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Maandishi nayo yamechangia. Mwaka 1958 S. S. Farsi alichapisha vitabu viwili vya misemo ya Kiswahili kutoka Zanzibar, na cha pili kilikuwa na vitendawili. Ni kazi ya thamani, na bila wakusanyaji wa namna yake tungekuwa tumepoteza mengi. Lakini kitabu, kwa umbile lake, huweka swali na jibu jirani. Jicho hufika kwenye jibu kabla akili haijahangaika, mji hautolewi, na safari haisimuliwi. Vitabu vya shule vilifuata umbo hilo hilo, mitihani ikafuata vitabu, na leo yuko mwanafunzi anayeamini kwamba kila kitendawili kina jibu moja lililopigwa chapa. Kwenye mchezo wenyewe majibu hugombewa. Nilipotega nyumba isiyo na mlango, binti mmoja alijibu "Kaburi", akalitetea vizuri kuliko wenzake walivyolitetea yai. Darasa likampa ushindi, nami ikabidi nitoe mji.

Si kila kitendawili hutegwa kila mahali, na hilo pia vitabu havisemi. Kipo kimoja maarufu cha Kinyarwanda, kinachouliza kitu usichokijua ambacho hukukiona. Jibu lake linawahusu baba yako na mama yako. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwona mwalimu akikifikia katika orodha yake na kukiruka. Hakueleza, na hakuna aliyeuliza.

Mchezo mwingine wa kasi ambao ningependa walimu waufufue ni kinyume. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefanya kazi Zanzibar na baadaye akawa askofu, alitoa mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili cha huko, na katika nyongeza zake akaweka mifano ya kinyume, yaani usemi wa mafumbo ambamo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzoni. Kwa kanuni hiyo kitabu huwa bukita, na nyumba huwa mbanyu. Vijana wa Nairobi waliogeuza stori kuwa risto katika Sheng, na Wafaransa wanaoita lugha yao ya kugeuza silabi verlan (ambayo ni l'envers iliyogeuzwa), wanatembea katika njia ambayo watu wa Unguja walikuwa wakiijua zamani.

Kwa mwalimu wa Kigali, kinyume ni dawa. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi zikihama, mkazo huhama nao: kiTAbu, lakini buKIta. Anayezungumza haraka bila kuusogeza hujulikana mara moja. Neno mtu huzua mjadala mkubwa, kwa kuwa m ile ni silabi kamili na kinyume chake ni tum, neno ambalo kinywa cha Mnyarwanda hutamani kulimalizia irabu. Kisha kuna l na r, ambazo katika Kinyarwanda hazitenganishi maana. Kalamu kwa kinyume ni mukala, na karamu ni mukara. Msikilizaji asiyezitofautisha atarudisha kalamu mahali pa karamu, akaenda kuandika wakati wenzake wanakula.

Vitendawili katika darasa langu sasa huchezwa dakika kumi za mwisho, milango ikiwa imefungwa kwa ajili ya makelele. Ubao haugusiwi, na atakayetafuta jibu kwenye simu hutozwa mji. Miji inayotolewa ni Kampala, Goma, Bujumbura, Dar es Salaam, na Dubai mara nyingi mno. Kigali huwa ya mwisho. Mtegaji akiidai hubishaniwa kweli kweli, na wapo wanaoona afadhali kutoa Huye na Musanze kwa pamoja. Muhula uliopita ilitolewa mara moja tu, kwa kijana aliyetega kitu kinachotufuata kila tuendapo. Darasa zima, saa sita mchana, jua likiwa utosini, lilishindwa kukumbuka kivuli.