Sentensi ya Maelezo na Msomaji Wake: Kitale katika Siku Njema

Mwandishi wa Bungoma au Kitale atungaye hadithi kwa Kiingereza hukabiliwa na suala ambalo wahakiki aghalabu hulipuuza: sentensi yake ya maelezo yamlenga nani? Akiutaja tu Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, msomaji wa London huachwa gizani. Akiueleza kwa kirefu, msomaji wa Webuye huona anaelekezwa njia ya kwao.

Suala hili lina historia. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa, mwanafunzi wa magharibi mwa Kenya aliweza kuhitimu akiwa amezoezwa zaidi insha za Kiingereza. Ken Walibora (1965–2020), mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia, ni wa kizazi kilichotangulia mageuzi hayo. Hata hivyo alikichagua Kiswahili. Katika Siku Njema (1996), msimulizi Kongowea Mswahili ni kijana wa Tanga anayemtafuta babake hadi Kitale. Nyumbani kwa mwandishi panaonwa, basi, kwa macho ya mgeni. Maelezo hayamfundishi msomaji; ni sehemu ya kisa chenyewe, maadamu mgeni hana budi kutazama. Hiyo ndiyo hila bora ya riwaya hiyo, ijapokuwa wengi husifu misemo yake zaidi.

Dorothy Kweyu na Fortunatus Kawegere walipoifasiri kwa jina A Good Day, hila hiyo haikuwa na shida ya kuvuka, kwani mgeni ni mgeni katika lugha yoyote. Ugumu uko kwenye sarufi. Mswahili akisema “mlango wa nyumba uliovunjika”, kilichovunjika ni mlango. Akisema “iliyovunjika”, ni nyumba. Upatanisho wa ngeli huruhusu sentensi ndefu isiyopoteza mwenyewe. Kiingereza hakina nyenzo hiyo: kirejeshi ni kimoja kwa vyote viwili, na mpangilio wa maneno hubeba mzigo wote. (Kiswahili nacho hukwama penye watu: katika “mtoto wa mwalimu aliyeugua”, mgonjwa ni nani?) Mfasiri hulazimika kuikata sentensi vipande viwili au kumsogeza nomino karibu na sifa yake, na kila mkato hubadili mwendo wa jicho la Kongowea linapoitazama Kitale.