Vichwa vya treni vya Kimarekani vilivyoupanda mlima wa Makambako

Na Mwandishi Wetu, Njombe

KIPANDE cha reli ya TAZARA kati ya Mlimba, katika Bonde la Kilombero, na Makambako, mkoani Njombe, ndicho kigumu kuliko vyote katika njia hiyo yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Hapo reli huacha bonde na kupanda nyanda za juu kupitia mahandaki na madaraja, likiwamo la Mto Mpanga lenye kimo cha takriban mita 50.

Reli ilipokabidhiwa Julai 1976, mizigo ilivutwa na vichwa vya DFH2 kutoka China, vyenye nguvu ya farasi 2,000 na mfumo wa haidroliki. Katika mlima huo vilielemewa.

Mwaka 1983 TAZARA ilipata vichwa 14 aina ya U30C, vilivyobuniwa na General Electric ya Marekani na kuletwa kupitia kampuni ya Krupp ya Ujerumani Magharibi. Jina lenyewe linajieleza: 30 ni nguvu ya farasi 3,000, na C ni bogi zenye ekseli tatu kila moja. Injini ya dizeli huzungusha jenereta, na umeme wake huendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli.

Aina hiyo ilianza kuundwa Marekani mwaka 1966, enzi ambayo Detroit nayo ilishindana kwa magari yenye injini kubwa kama Pontiac GTO. Magari hayo yalififia baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973.

Anguko la TAZARA lilikuwa na sababu zake: uhaba wa mtaji na vipuri, njia za Afrika Kusini kufunguka baada ya ubaguzi wa rangi, na ushindani wa malori. Reli iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni 1.2 kwa mwaka ilisafirisha tani 88,000 tu mwaka 2014/15.

Makambako huliona jambo hilo kwa karibu, kwani hapo reli hukutana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na ndipo huanzia barabara ya kwenda Njombe na Songea. Mzigo unaoikosa treni huishia kwenye lami.

Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Septemba 2025 ulifuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC, wenye uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4, ukihusisha ukarabati wa njia na ununuzi wa vichwa vipya 32 na mabehewa 762.

Historia ya U30C inaonyesha kuwa nguvu ya injini hutatua tatizo la mlima. Tatizo la vipuri na matunzo huhitaji fedha kila mwaka, na hapo ndipo mkataba huo utakapopimwa.