Hekalu Lililorudi Nyumbani

Jumamosi ya tarehe 18 Septemba 1954 ilipangwa kuwa siku ya mwisho ya uchimbaji. Katikati ya London, kwenye kiwanja kilichobomolewa na mabomu ya vita, mwanaakiolojia W. F. Grimes na wenzake walikuwa wakimalizia kazi ili kuwapisha mafundi wa jengo la ofisi lililoitwa Bucklersbury House. Ndipo kikaibuka kichwa cha marumaru, cha kijana aliyevaa kofia laini. Alikuwa Mithras, mungu aliyependwa mno na askari wa Kirumi. Zile kuta zilizokwisha kufukuliwa zikapata jina: hekalu lake, lililojengwa karibu mwaka 240 B.K.

Watu walipanga foleni mitaa kwa mitaa. Inakadiriwa kuwa 400,000 walifika katika muda wa wiki mbili, wengi wao wakaazi wa mji uliokuwa bado umejaa vifusi. Suala likafika hadi kwenye baraza la mawaziri la Churchill. Ujenzi haukusitishwa. Mawe yaling'olewa, yakawekwa kando, na mwaka 1962 yakaunganishwa kwa saruji juu ya paa la maegesho ya magari, umbali wa mita 100 hivi.

Mawe yaliokolewa, lakini hekalu lilipotea. Waumini wa Mithras walisali mahali penye giza, mfano wa pango ambamo mungu wao alimchinja fahali. Kuliweka pango juani, juu ya magari, ni kuliondolea maana yake yote.

Wengine walitenda vingine. Mexico, Februari 1978, mafundi wa umeme waliochimba barabarani waligonga jiwe la mviringo lenye upana wa zaidi ya mita 3, lililochongwa mungu mke Coyolxauhqui. Hapo nyumba za juu ndizo zilizobomolewa, ili hekalu kuu la Waazteki lipate kuonekana. Athens nako, Makumbusho ya Akropoli yaliyofunguliwa mwaka 2009 yamesimama kwa nguzo juu ya mtaa wa kale, na sakafu ya kioo humwezesha mgeni kuona vyumba na visima chini ya miguu yake. Huo ndio ujenzi ninaoutamani: jengo jipya linalomheshimu mwenyeji wake.

London ilichukua zaidi ya nusu karne kujirekebisha. Bucklersbury House ilibomolewa, na mwaka 2017, kwenye kiwanja kile kilichonunuliwa na kampuni ya Bloomberg, hekalu likafunguliwa upya karibu kabisa na mahali pake pa asili, mita 7 chini ya barabara, gizani.

Kabla ya hapo wanaakiolojia walichimba tena. Tope la kijito cha Walbrook, kwa kuwa halipitishi hewa, lilikuwa limehifadhi hata mbao. Walipata vibao vya kuandikia zaidi ya 400. Kimoja kina tarehe 8 Januari mwaka 57, na ndicho maandishi ya mkono ya zamani kuliko yote yenye tarehe yaliyopatikana Uingereza. Ni hati ya deni: Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru, anakiri kwamba Gratus, mwachwa huru mwenzake, anamdai dinari 105, bei ya bidhaa alizouziwa na kukabidhiwa.