JE, MTU MZIMA AWEZA KUPEWA BABA MWINGINE?



Ndugu zangu katika Imani, kila ikifika tarehe 17 Ramadhan tunasomewa habari za Badr. Mwaka huu naomba tuwaangalie watu watatu tu katika jeshi lile: Zaid, Salim na Miqdad (r.a.). Siku ile ya mwaka wa 2 Hijria, wote watatu walikuwa wakiitwa kwa majina ya baba ambao hawakuwazaa.

Kilichonikumbusha ni kisa cha rafiki yangu mmoja hapa Garissa. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na ami yake. Alipofika miaka 18 akaenda kutafuta kitambulisho, na wazee wakamwambia, "Wewe andika tu jina la adeer wako, mambo yaishe." Akaandika. Sasa ami naye amefariki, ameacha watoto wa kiume wawili na mabinti watatu. Lakini karatasi zinasema watoto wa kiume ni watatu. Mirathi igawanywe vipi?

Jambo la kumpa mtu mzima baba mwingine ni la zamani sana. Huko Rumi, Kaisari Augustus alimfanya Tiberius kuwa mwanawe mwaka wa 4 Miladia, na Tiberius alikuwa amepita miaka 40. Ndiyo njia iliyomfikisha kwenye ufalme. Japani mpaka leo familia yenye biashara huweza kumchukua mwanamume mzima, mara nyingi mkwe wao, akabeba jina lao na kurithi.

Waarabu wa Jahiliya nao walikuwa na utaratibu wao. Zaid bin Haritha alitekwa utotoni akauzwa, mpaka akafika nyumbani kwa Bibi Khadija (r.a.), naye akampa Mtume (s.a.w.). Baba yake alipomfuata Makka kumkomboa, Zaid akaambiwa achague mwenyewe. Akachagua kubaki. Hapo Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, akamchukua mpaka penye Al-Kaaba, akawashuhudisha Maquraishi kwamba huyu ni mwanawe, watarithiana. Hakukuwa na karani wala muhuri, mashahidi walitosha. Akawa Zaid bin Muhammad.

Miqdad alikuwa mtu mzima kabisa. Baba yake ni Amr. Aligombana na mtu, akakimbilia Makka, akaweka mkataba na Al-Aswad bin Abd Yaghuth, naye akamfanya mwanawe. Manake Makka ya siku zile mtu asiyekuwa na kabila alikuwa hana ulinzi. Akiuawa hakuna wa kudai damu yake. Salim naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, Abu Hudhayfa akamfanya mtoto wake. Siku ya Badr Abu Hudhayfa alisimama upande wa Waislamu na Salim, na baba yake wa damu, Utba, akauawa upande wa pili.

Kisha, kama mwaka wa 5 Hijria, zikateremka aya za Suratul Ahzab, ya 4 na ya 5. Zikaamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wale ambao baba zao hawajulikani, hao ni ndugu zetu katika dini. Zaid akarudi kuwa bin Haritha, Miqdad bin Amr. Salim akaitwa mawla wa Abu Hudhayfa.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani aya ilikuja kuvunja mapenzi. Wallahi sivyo. Zaid aliendelea kuwa kipenzi cha Mtume (s.a.w.), akapewa uongozi wa jeshi la Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, akafa shahidi akiwa kamanda wa kwanza. Salim na Abu Hudhayfa walikufa shahidi pamoja katika vita vya Yamama. Kilichoondolewa ni ule uongo wa nasaba, na haki za watu zilizokuwa zikipotea ndani yake.

Sasa turudi kwetu Kaskazini Mashariki. Wasomali nao wana neno sheegad, yaani mtu anayejitaja kuwa wa ukoo usio wake wa kuzaliwa. Karne ya 19, Wasomali walipovuka mto Juba kuja huku, wengi katika Waoromo waliobaki mashariki ya Tana waliingia chini ya koo za Kisomali. Aliyeingia alilindwa, akapata malisho na maji, na alichangia dia pamoja na wenyeji wake. Baada ya vizazi kadhaa wajukuu waliweza kuhesabu mababu wa ukoo ule kama wao. Ukitazama, ni hali ya Miqdad ile ile: mtu anatafuta mgongo wa kuegemea.

Baadaye ukoo ukawa jambo la ofisini. Mwaka 1989 serikali iliwapanga Wasomali wa Kenya kwenye msasa, mtu akathibitishe kwamba ni raia, wazee wakamhoji ukoo wake. Tangu hapo jina la baba limekuwa kama ufunguo wa mlango. Ndiyo maana yule mzee alisema "mambo yaishe." Hakuwa na nia mbaya, alitaka kijana asibaki bila kitambulisho.

Lakini sheria yasemaje? Kenya, amri ya mahakama ya kuasili inahusu mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18. Mtu mzima aweza kubadilisha jina lake kwa hati inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali, lakini hati hiyo humpa jina tu, haimpi baba. Kwa watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, yaani kumlea mtoto bila ya kumbadilishia nasaba. Na mirathi ya Waislamu iko kwa kadhi, kama inavyosema Katiba ya 2010, kifungu cha 170.

Mlezi anayempenda aliyemlea hakufungiwa mlango. Aweza kumpa zawadi akiwa hai, au kumuusia kisichozidi theluthi ya mali yake. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunangoja mpaka mauti yafike.

Rafiki yangu alikwenda kwa kadhi, akasema mbele ya watu wote, "Mimi si mwana wa marehemu. Mimi ni mtoto wa ndugu yake." Kwa kuwa marehemu aliacha watoto wa kiume, hakupata fungu lolote. Kumbe wale mabinti watatu walikuwa wakilia. Kaka yao mkubwa akakumbusha aya ya 8 ya Suratun Nisaa, kwamba jamaa na mayatima wakihudhuria ugawaji wapewe kitu. Wakampa ngamia wawili, kwa ridhaa yao.

Kitambulisho bado hakijarekebishwa, anazungushwa ofisi hii na ile. Lakini Ramadhan hii bado anafuturu kwenye sinia lile lile, na wale watoto bado wanamwita kaka.

Wabillahi tawfiq.