Mkanda wa Zaire uliopoteza rangi

Ndugu zetu wa Nakivale na kokote mlipo, makala ya historia ya safari hii ilianza na ugomvi. Mama mmoja jirani yetu alikuja na kaseti ya video imefungwa ndani ya kitenge, akasema, "Wanangu, nisaidieni niione tena." Ndani yake kuna kipindi cha televisheni ya taifa ya Zaire, ambacho shemeji yake alikirekodi nyumbani Kinshasa mwaka 1988. Ni zile ngoma za chama cha MPR walizoita animasio: watu wamevaa sare, wanacheza na kumuimbia Mobutu. Mume wake, marehemu, yuko mstari wa pili. Picha nyingine ya huyo baba hakuna, hata ya karatasi. Zote zilibaki Bukavu walipokimbia mwaka 1996.

Basi wengine wetu wakapinga. Eti tutumie mafuta ya jenereta kuokoa sifa za Mobutu? Yule aliyekuwa anashuka kutoka mawinguni kila jioni kabla ya taarifa ya habari, kama mungu mdogo? Wengine wakajibu kwamba hiyo yenyewe ndiyo historia. Mama alingoja tumalize kelele, akasema: "Mimi Mobutu sijamuulizia." Hapo tukanyamaza, kazi ikaanza.

Tulichojifunza kwanza ni kwamba vituo vya televisheni vyenyewe havikuwa watunzaji wazuri. Mashine ya kwanza ya kurekodi televisheni kwenye mkanda iliyofanya kazi vizuri ilitolewa na Ampex ya Marekani mwaka 1956, na mwaka huohuo CBS wakaanza kuitumia kurusha habari kwa mara ya pili upande wa magharibi, ambako saa ziko nyuma. Yaani mkanda uliletwa kwa ajili ya kuchelewesha, kutunza hakukuwa lengo. Na kwa kuwa ulikuwa ghali, walifuta na kurekodi juu yake tena. BBC ya Uingereza walifuta vipindi vingi sana vya miaka ya 60, vikiwemo vya Doctor Who. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vya Doctor Who vilivyopotea vimepatikana. Wapi? Jos, Nigeria! Nakala za filamu zilizouzwa Afrika zilikuwa zimekaa kwenye stoo ya kituo kule, wakati London hawana kitu.

Watu wa kawaida walianza kurekodi nyumbani kwa wingi baada ya Sony kutoa Betamax mwaka 1975 na JVC kutoa VHS mwaka 1976. Kampuni za filamu zikashtaki, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi ili akiangalie baadaye si kosa. Kule Philadelphia, mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya maktaba, Marion Stokes, alirekodi habari usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30, deki kadhaa zikizunguka kwa pamoja, mpaka alipofariki Desemba 2012. Aliacha kaseti kama 70,000. Majirani wangemwona kichaa, sisi tunamwona mwenzetu. Na yule shemeji wa Kinshasa pia, na kaseti yake moja.

Sasa turudi kwenye kaseti yetu. Mzee mmoja aliyekuwa na kibanda cha video zamani alituazima deki. Tukaweka mkanda, picha ikatokea, lakini nyeusi na nyeupe. Tukadhani umechoka. Kumbe tatizo ni mpaka! Televisheni ya rangi ilipoanza Ulaya mwaka 1967, Ufaransa walitumia mfumo wao, SECAM, na Wajerumani na Waingereza wakatumia PAL. Afrika tukarithi. Uganda, Kenya na Tanzania zikaingia PAL, Zaire, Rwanda na Burundi zikaingia SECAM. (Wabelgiji wenyewe kwao walitumia PAL, sasa mtuelezee nyinyi.) Deki ya PAL ikisoma mkanda wa SECAM, mwanga inauelewa, rangi haioni. Kwa hiyo mkanda ulivuka mpaka pamoja na mama, na rangi zikabaki upande wa pili.

Nani angejali rangi? Mama alijali. Wachezaji ni wengi, sare ni moja, na siku ile mume wake alikuwa amefunga kitambaa chekundu mkononi kwa sababu alijiumiza kwenye mazoezi. Kwenye nyeusi na nyeupe alituonyesha mtu mmoja, halafu kesho yake akaonyesha mwingine. Akaanza kulia, kwamba amemsahau sura.

Makosa yetu tunayasema wazi. Mara ya kwanza tulirekodi kioo cha televisheni kwa simu: mistari myeusi ilipanda na kushuka, nyuso zikawa uji. Mara ya pili tulinunua Mbarara kifaa kidogo cha kunasa video cha kuchomeka kwenye kompyuta, tukakiacha na mipangilio yake. Kikatupa picha ndogo iliyobanwa, na kila mkono uliocheza haraka ulikuwa na meno kama kitana. Sababu yake ni hii: televisheni ya zamani haikutuma picha nzima. Ilituma nusu 50 kwa sekunde, mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye. Ukizibandika mbili kuwa picha moja, kitu kinachokimbia kinachanika. Ukiipunguza picha kabla hujazitenganisha, umeharibu kabisa, hairudi.

Mara ya tatu tulienda polepole. Tulipata deki ya mifumo mingi, tukaiweka SECAM, na programu ya kunasa nayo tukaiweka SECAM. Tulisafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Tuliuzungusha mkanda wote mpaka mwisho na kuurudisha, ili usikwame. Tulinasa kwa upana wa nukta 720 na mistari yote 576, nusu zote mbili, bila kubana kwa kupoteza. Hapo ndipo kompyuta ikalia: picha ghafi ya namna hiyo inakula kama GB 75 kwa saa moja, na sisi tulikuwa na dakika 38. Tulitumia njia ya kubana isiyotupa chochote, faili likashuka chini ya nusu, tukafuta muziki wetu wote kupata nafasi. Kutenganisha zile nusu na kutengeneza nakala ndogo ya simu tulifanya baadaye, juu ya nakala. Faili kubwa halikuguswa.

Jioni ile jenereta iliwaka, mama akakaa mbele kabisa. Kijani cha sare kilitoka, baadaye mstari wa pili. Doa jekundu likapita, kingo zake zimevuja kidogo maana VHS ndivyo ilivyo, lakini liko kwenye mkono wa mtu wa tano kutoka kushoto. Si yeyote kati ya wale wawili aliowaonyesha. Mama alisema tu, "Rudisha." Tukarudisha. "Rudisha tena." Tulirudisha mpaka mafuta yakaisha. Yule mwenzetu aliyepinga zaidi ndiye aliyekuwa ameshika kitufe.

Faili sasa liko kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, na kaseti imerudi kwenye kitenge chake. Tumeletewa nyingine mbili. Moja ina ukungu mweupe kwenye kingo za mkanda, na hiyo hatujaiweka kwenye deki, maana ukungu unachafua kichwa na kuhamia kwenye kaseti zote zitakazofuata. Kiwanda kilichobaki cha mwisho kutengeneza deki, Funai cha Japani, kiliacha Julai 2016, kwa hiyo hii ya kuazima hatuwezi kuichezea. Mwenye kujua fundi wa mikanda Kampala au popote, atuandikie hapa chini. Na kama mna kaseti kule nyumbani, msijaribu kuicheza ili muone kama bado nzima. Ileteni kwanza.